Besi ya laki nane kwa ajili ya steji: maswali ya wapigaji wa Mtwara na Lindi

Safari hii meseji nyingi zimetoka kusini na karibu zote zinazunguka gitaa la besi. Msimu wa korosho unakaribia, watu wanapiga hesabu za hela ambayo bado haijaingia, na mimi nafurahi sana kuona kuna vijana ambao hesabu yao ya kwanza ni ala ya muziki. Ntaanza na swali refu kuliko yote halafu mengine yafuate.

SWALI: Shikamoo anko. Mimi ni kijana wa Chikongola hapa Mtwara mjini, napiga besi kwenye bendi yetu ndogo tuko watano, tunapiga harusi, vipaimara na wikiendi saa ingine tunaitwa kwenye baa maeneo ya Shangani. Mpaka leo natumia besi ya kuazima na mwenyewe ameshaanza kuchoka. Mzee amesema korosho zikilipwa atanishika mkono, nikijumlisha na changu ntakuwa na kama laki nane. Nimeangalia picha za magitaa mpaka kichwa kinauma, yapo ya nyuzi nne, ya tano, mengine yanatumia betri, sielewi. Nataka la steji, sio la kujifunzia. Nichukue lipi? Na mtumba vipi, ni sawa au ntaumia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mfikishie mzee salamu zangu, mzazi anayetoa hela ya korosho kumnunulia mwanae gitaa anastahili heshima na hiyo hela inabidi ifanye kazi iliyokusudiwa.

Nianze na msimamo wangu halafu ndo nieleze. Laki nane zote zisiishie kwenye gitaa. Gitaa lichukue laki tano, ikizidi sana tano na nusu, na inayobaki ni ya fundi, nyuzi mpya, waya wa maana, mkanda, begi na kiboksi cha DI (cha kuunganishia gitaa na mixa, ntakieleza mbele). Nimewaona wapigaji wengi wanamaliza hela yote kwenye gitaa zuri halafu wanaingia nalo ukumbini na waya wa bei ya chini unaokatakata, nyuzi zina kutu, shingo imepinda, na jamaa mwenye gitaa la kawaida kabisa ila limewekwa sawa anasikika vizuri kuwashinda. Wale waliokaa kwenye viti vya plastiki kule nyuma hawajui umeshika nembo gani, wanachojua ni besi ipo au haipo.

Sasa gitaa lenyewe. Kwa steji za huku kwetu mimi nakwambia chukua nyuzi nne, pasivu yaani isiyotumia betri, na iwe na pikapu (kile kifaa chini ya nyuzi kinachookota mtetemo wake) ya aina ya Precision, ile iliyogawanywa vipande viwili vilivyopishana, kimoja kimekaa chini ya nyuzi mbili nene na kingine chini ya zile mbili nyembamba. Mtengenezaji wa magitaa aitwaye Leo Fender alitoa Precision Bass mwaka 1951 kule Marekani, hiyo pikapu ya vipande viwili ikaja 1957, na mpaka leo viwanda vingi vinaifuata. Sauti yake ni nene na inakaa vizuri katikati ya ngoma na magitaa mengine, lakini sababu yangu kubwa ya kukushauri wewe wa Mtwara ni umeme. Vile vipande viwili vimesukwa kwa kupingana, kwa hiyo mngurumo unaoingia kwenye kimoja unafutwa na mwenzake. Hali ya kwenye shughuli unaijua, harusi imeanza vizuri, umeme umekata, wamewasha jenereta, taa za rangi za DJ zimechomekwa ekstensheni moja na mixa, hapo gitaa lenye pikapu ya koili moja (msuko mmoja tu wa waya, bila mwenzake wa kufuta kelele) linanguruma mmmm mpaka MC anageuka kuangalia kuna nini. Na usidhani utaukata ule mngurumo kwenye mixa, umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde na kelele yake inaangukia humohumo kwenye sauti za chini za besi, ukiikata unakata na besi yako.

Aina nyingine maarufu ni Jazz Bass, hii ilitoka 1960, ina pikapu mbili na kila moja ni koili moja. Ni besi nzuri sana, shingo yake kule juu kwenye kichwa ni nyembamba, kama milimita 38, vidole vinakimbia. Ukifungua volyumu zote mbili sawasawa pikapu zinafutiana mngurumo, tatizo ni ukipunguza moja tu kelele inarudi, na sauti nyingi nzuri za Jazz zinapatikana ukipunguza moja. Ndo maana kwa mtu mwenye bajeti yako napenda zaidi zile zilizochanganya, mbele Precision nyuma Jazz, wengine wanaziita PJ. Kwenye jenereta unatumia ya mbele peke yake, ukipata ukumbi wenye umeme msafi unachanganya na ya nyuma kidogo ili noti zisikike kingo zake.

Majina ya kutafuta: Yamaha TRBX174, Yamaha BB234 na Squier Affinity Precision PJ. Zote hizo ni PJ na ni pasivu. Squier ni nembo ya Fender wenyewe kwa ajili ya watu wa bajeti ndogo, usione aibu kuishika. Ibanez GSR200 nayo ni PJ na shingo yake ni nyepesi mkononi, ila ina kisaketi cha kuongeza besi kinachotaka betri ya volti 9, sio ubaya, ni kwamba inabidi ukumbuke kuchomoa jeki kila ukimaliza kupiga maana jeki ikiwa ndani betri inaendelea kuliwa hata gitaa likiwa limelala kwenye begi. Hapo ndo penye tatizo langu na besi za betri kwa mtu anayezunguka. Umeenda shughuli Tandahimba, saa nne usiku sauti inaanza kukwaruza na kufifia, betri ya volti 9 utaipata wapi muda huo? Kama tayari unayo ya betri piga tu, beba betri mbili za akiba. Kama ndo unanunua, pasivu itakupunguzia wasiwasi.

Kuhusu bei, hizo nilizotaja zikiwa mpya huko Marekani zinaanzia kama dola mia mbili na kitu, bado hujaweka usafiri na ushuru, kwa hiyo ukiona mpya inauzwa Dar kwa bei ya chini kuliko ilikotoka shtuka. Maana yake kwa laki tano uwezekano mkubwa unaangukia mtumba, au mpya ya nembo isiyojulikana. Mtumba ni sawa kabisa na mimi ningechagua mtumba wa Yamaha kabla ya gitaa jipya nisilolijua, na ukikuta limeandikwa Fender kichwani na bei ni laki tatu basi likague kama vile halina jina lolote, maandishi ya kichwani mtu yeyote anaweza kubandika.

Kukagua kunaanza na shingo kwa sababu pikapu mbovu utabadilisha, tundu la jeki litachomelewa na fundi redio, ila shingo iliyojipinda kama kamba huna la kuifanya. Shika gitaa kama unalenga bunduki, angalia kutoka kwenye kichwa kwenda chini, mstari wa kushoto na wa kulia iende sambamba. Halafu bana uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vilivyolala kukatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, angalia katikati, kwenye freti ya saba au ya nane kuwe na kauwazi kembamba kama unene wa kadi ya biashara. Uwazi mkubwa maana yake shingo imevutwa mbele, hakuna uwazi kabisa maana yake imelala nyuma, vyote vinarekebishika kwa kukaza au kulegeza kile chuma kilichopita ndani ya shingo ilimradi nati yake isiwe imeliwa, kwa hiyo mwambie muuzaji aizungushe kidogo mbele yako. Akikataa, ondoka.

Ukimaliza hapo piga kila noti, uzi kwa uzi, freti kwa freti, usione haya muuzaji akikutazama. Noti inayokufa ghafla au inayogonga freti ya mbele iandike. Chomeka waya, zungusha volyumu na toni, zikikwaruza ni vumbi na dawa ya kusafishia ipo, lakini sauti ikikatika ukitikisa jeki hilo dai upunguziwe bei. Kisha fanya jaribio hili moja: acha kugusa nyuzi usikilize kelele, halafu ziguse. Kelele ikipungua ukigusa hiyo ni kawaida. Ikiongezeka, waya wa ethi ndani una hitilafu, ni kazi ndogo ya kuchomelea ila lazima ifanyike kabla hujapanda nalo steji. Angalia na pale shingo inapokutana na kichwa kama kuna alama ya gundi, gitaa lililoanguka likavunjika huwa linavunjikia hapo.

Ukishalileta Mtwara usilipige shoo siku ileile. Mbao ya gitaa lililokaa kwenye duka au nyumba ya AC ikifika kwetu karibu na bahari inakunywa unyevu na kusogea. Liache litulie ndani siku kadhaa, weka nyuzi mpya, tyuni, halafu ndo fundi aguse ile nati ya shingo, robo mzunguko tu kwa mara moja na kungoja. Kwenye freti ya 12 nyuzi zikae juu ya freti kama milimita 2 uzi mwembamba na 2.5 uzi mnene, hapo kidole hakichoki na noti hazigongi. Mvua zikianza Desemba na zikikatika Mei litasogea tena, ndo tabia ya mbao, ukishajifunza mwenyewe kuzungusha ile nati kwa kifunguo cha Aleni hutamtafuta mtu.

Waya chukua wa mita 6 wenye jeki za chuma zinazofunguka kwa skrubu, zile zilizoyeyushiwa plastiki zikikatika huwezi kutengeneza. Beba na wa akiba. Mkanda uwe mpana, besi nyingi zina uzito wa kilo nne hivi na harusi zetu ni ndefu, mkanda mwembamba utakula bega.

Na kile kiboksi cha DI usikione kama anasa. Kumbi zetu nyingi hazina amplifaya ya besi, fundi mitambo anakupa waya anakwambia chomeka kwenye mixa. Pikapu pasivu ikiingia moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la mixa sauti inalegea, inakuwa kama imefunikwa blanketi, wewe unadhani gitaa lako bovu kumbe halina ubaya wowote. DI inageuza ile sauti iendane na tundu la maiki na inasafiri kwenye waya mrefu bila kuokota kelele. Kwa gitaa pasivu tafuta DI aktivu, inayokula umeme wa 48V kutoka kwenye mixa yenyewe. Kama mixa ina kitufe kimeandikwa Hi-Z pale kwenye chaneli, hapo unaweza kuchomeka gitaa moja kwa moja ila waya usiwe mrefu.

La mwisho kwako, kama utalifuata Dar, rudi nalo ndani ya basi sio kwenye buti. Kutoka Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, buti lina joto na mizigo ya watu inapangwa juu ya mizigo ya watu. Lipia siti ya pembeni kama itabidi.

SWALI: Bwana asifiwe. Mimi ni mwalimu wa kwaya Lindi mjini. Tuna gitaa la besi zuri tu na amplifaya ndogo ya wati 50. Ndani ya kanisa besi inasikika mpaka kifuani, tukitoka kwenda mkutano wa nje inapotea kabisa. Wanakwaya wanataka tuchange tununue ya wati 100, kuna mtu anauza moja ya mtumba kutoka Japani bei nzuri. Halafu jambo lingine dogo, mpiga besi wetu akisogea kwenye maiki kuimba anapigwa shoti mdomoni.

JIBU: Amina mwalimu, na shikamoo. Naomba niende kwenye hilo ulilosema ni dogo kwanza maana ndilo kubwa kuliko yote. Ile shoti inaweza kuua. Kijana ameshika nyuzi za chuma ambazo zimeungwa na amplifaya, mdomo unagusa maiki ambayo imeungwa na mixa, na vyombo hivyo viwili haviko sawa kwenye ethi, basi umeme unapita kwenye mwili wake. Mara nyingi chanzo ni tundu la ukutani lisilo na ethi, au plagi ambayo mtu alivunja ule mguu wa tatu ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Mpaka fundi umeme aje apime asiimbe huku ameshika gitaa, kabisa. Kuvisha maiki sponji hakutibu kitu. Fundi akimaliza, amplifaya na mixa zitoke kwenye chanzo kimoja chenye ethi, na plagi zote ziwe na miguu mitatu.

Turudi kwenye hiyo amplifaya ya Japani. Geuza nyuma usome kibandiko. Japani wanatumia volti 100, sisi 230. Ikiwa imeandikwa 100V peke yake, siku mtakayoichomeka ukutani ndo siku itakayoungua, labda muwe na transifoma ya kushusha ambayo wati zake zinazidi zile amplifaya inazokula, na hiyo nayo ni hela, ni mzigo, na siku mmoja wa vijana akisahau mtakuwa mmepoteza mchango wa kwaya nzima. Mimi ningeiacha.

Na hata ingekuwa ya volti zetu, kutoka wati 50 kwenda 100 hamtaridhika mwalimu. Ukizidisha wati mara mbili sauti inaongezeka desibeli 3 tu, sikio linaona mabadiliko madogo. Ili isikike kama imekuwa kubwa mara mbili inatakiwa wati karibu mara kumi. Kanisani mnasaidiwa na kuta, sauti za chini zinagonga ukuta na sakafu na kurudi, nje pale uwanjani zinaenda moja kwa moja hazirudi. Kwa hiyo kabla ya kuchanga jaribuni haya. Amplifaya ishuke kutoka kwenye meza ikae chini kabisa na mgongo wake uelekee ukuta au ubavu wa jengo, sauti ya chini inaongezeka bila kutoa shilingi. Pili mpiga besi aache kuzungusha kitufe cha besi mpaka mwisho. Uzi mnene ukiwa wazi unatetema mara 41 kwa sekunde, spika ndogo haina uwezo wa kutoa hiyo sauti, inahangaika tu na kula wati zote. Masikio ya watu kule nyuma yanaitambua noti ya besi kwa zile sauti za juu yake, za 80 na 120 na kuendelea, kwa hiyo apunguze besi aongeze mid (kitufe cha sauti za kati), atashangaa, akiwa peke yake sauti itaonekana kavu ila kwaya ikianza itapenya.

Tatu, na hili naomba ulisimamie wewe kama mwalimu, mpiga kinanda atoe mkono wa kushoto. Kwaya nyingi kinanda kinapiga besi yake, gitaa linapiga besi yake, dramu inapiga chini hapohapo, zinagombania nafasi moja na hakuna inayosikika. Mkono wa kushoto wa kinanda ukipanda juu oktava moja au ukinyamaza, utasikia gitaa la besi limezaliwa upya na hamjanunua kitu. Mchango wenu basi uende kwenye DI na kuunganisha besi na spika kubwa za mkutano, hasa kama zina sabufa, ile wati 50 ibaki ya mpiga besi mwenyewe kujisikia pale alipo.

SWALI: Mambo. Niko Ruangwa, ni msichana wa miaka 17, nataka kujifunza besi ili nipige na bendi ya shule na baadae bendi kubwa. Kaka zangu wanasema besi ni ya wanaume na vidole vyangu havifiki. Kuna besi ndogo?

JIBU: Poa mdogo wangu. Zipo, na zinapigiwa steji kubwa. Besi ya kawaida urefu wa uzi unaotetema ni inchi 34, zile fupi ni inchi 30, freti zinasogeleana na nyuzi zinakuwa laini kidogo kwa kidole. Fender walitoa Mustang Bass ya inchi 30 mwaka 1966, kwa bajeti angalia Squier Bronco, na Ibanez wana Mikro ambayo ni fupi zaidi, inchi 28 na kitu. Sauti ya fupi ni ya duara zaidi, kwa dansi na taarabu inakaa vizuri tu. Ila kabla hujaamua jaribu na ya kawaida, kiti kiwe sawa, mkanda uwe mfupi ili gitaa likae juu tumboni, na kidole gumba kikae nyuma ya shingo kisining'inie juu, watu wengi wanaosema vidole havifiki wameshika gitaa vibaya.

Na waambie kaka zako kwamba Carol Kaye alikuwa anapiga besi studio za Los Angeles miaka ya 1960, besi yake iko kwenye maelfu ya rekodi, na Esperanza Spalding anayepiga besi na kuimba kwa wakati mmoja alipewa Grammy ya msanii mpya bora mwaka 2011. Mimi natamani sana kuwaona wasichana wa Ruangwa na Nachingwea kwenye steji wameshika besi, kwa hiyo ukikwama popote niandikie tena, ntakujibu.

SWALI: Kaka mimi wa Masasi, kwaya yetu inapenda kupiga funguo za chini, mpiga kinanda anashusha tu kwa kitufe mimi nabaki nahangaika. Ninunue ya nyuzi tano?

JIBU: Ukiwa na hela ya kutosha ndio. Ukiwa na bajeti ndogo ngoja kwanza, maana kwenye besi za bei ya chini ule uzi wa tano wa B ndo unaoumbuka, unalegalega, noti yake haieleweki ni ipi, na spika zenu hazitautoa kama nilivyomweleza mwalimu wa Lindi, huo unatetema mara 31 tu kwa sekunde. Kwa sasa shusha uzi wa E, ule mnene kuliko yote, uwe D, wimbo wa D unapata msingi wake chini kabisa. Kama kila wimbo uko huko chini, nunua seti ya nyuzi tano, weka zile nne nene kwenye gitaa lako la nyuzi nne zikae B, E, A, D, uupoteze ule mwembamba wa G ambao kwenye kwaya huugusi sana. Fundi atanue kidogo mifereji ya kule juu nyuzi zinapopita maana ni nene zaidi, na shingo irekebishwe upya. Usimwambie mpiga kinanda aache kushusha, waimbaji ndo wanaoamua ufunguo, sisi tunawafuata.

SWALI: Niko Kilwa Masoko nyumba yetu iko karibu na bahari, nyuzi za besi zinapata kutu ndani ya wiki chache na bei yake inaniumiza. Jamaa ameniambia nizichemshe. Ni kweli?

JIBU: Kuchemsha kunatoa uchafu na jasho lililoganda kwenye mikunjo ya uzi, kwa hiyo zinang'aa sauti siku chache, ila kutu iliyokwishaingia haitoki na ukizirudisha kabla hazijakauka kabisa unaongeza nyingine. Fanya hivyo kama kuna shoo kesho na huna hela, isiwe tabia.

Cha maana ni kitambaa kikavu cha pamba ndani ya begi, ukimaliza kupiga unafuta kila uzi juu na chini yake, halafu gitaa linaingia kwenye begi na zipu inafungwa, lisining'inie ukutani linapigwa na upepo wa chumvi. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu na mabegi mapya usivitupe, tia viwili vitatu humo. Ukinunua nyuzi tafuta za stenlesi, zinavumilia chumvi kuliko za nikeli ingawa zinakwaruza kidole kidogo, saizi ya kawaida ya unene ni 45 hadi 105 (sehemu za elfu za inchi). Zilizopakwa utando zinadumu zaidi ila ni ghali.

Na kama unapiga dansi au taarabu, fikiria nyuzi za bapa, zile zilizosokotwa kwa utepe, uzi unakuwa laini kama umepigwa pasi. Jasho na uchafu havina mikunjo ya kujificha, na sauti yake haitegemei upya, James Jamerson aliyepiga besi kwenye rekodi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alijulikana kwa kutozibadilisha za kwake. Ukinunua seti moja ya hizo unaweza kukaa nayo muda mrefu sana hapohapo Kilwa, mradi kile kitambaa ukitumie.